Sauti za Wenyeji

Kazi ya Leokadia ilikuwa kunong'ona. Kila Jumamosi asubuhi alipanda basi kutoka mtaa wake wa ughaibuni, Scarborough, hadi studio ya redio, akasimama hatua mbili nyuma ya waigizaji wenzake, na wao waliposema maneno ya maana kwa Kiingereza, yeye alinong'ona kwa Kiswahili. Katika karatasi ya mchezo sehemu yake iliandikwa hivi: sauti za wenyeji.

Kazi hiyo alipewa na bosi wake. Zaheer alikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, ambako Leokadia alikuwa mhudumu, na alipofikisha miaka hamsini aligundua kwamba yeye pia ni mwandishi. Riwaya yake, *Nyika Isiyo na Mtu*, aliyoigeuza mchezo wa redio wa kila wiki, ilisimulia jinsi babu yake Mhindi, Rahemtulla, alivyofika peke yake porini huko Tabora, asikute kitu, akajenga duka, akaua simba, akaleta ustaarabu na sukari. Mkewe alitoka Kachi, Uhindini, kwa meli ukurasa wa thelathini na nane, akafa ukurasa wa arobaini. Palikuwa pia na mwanamke wa kienyeji asiye na jina. Huyo alifagia duka na kutetemeka.

"Niseme nini?" Leokadia aliuliza siku ya kwanza.

"Lolote," alisema Zaheer. "Hakuna atakayeelewa."

Wiki mbili alinong'ona orodha ya vitu vya kununua: viazi, vitunguu, sabuni ya unga. Wiki ya tatu alifika studio akitoka zamu mbili mfululizo, akamkuta mwigizaji wa Rahemtulla ananguruma kwamba atasimama yeye peke yake kati ya simba na watu hawa waoga. Leokadia alikuwa amechoka kutetemeka. Akasogea kwenye maikrofoni.

"Jamani, mteremsheni bwana huko kwenye paa," alinong'ona. "Huyo si simba, ni mbwa wa Mzee Kapera."

Wiki ya nne, mchezo ulipofika siku ya kufungua duka, alinong'ona tena: "Duka ni la huyo mama anayefagia. Bwana alikuja juzi kuomba maji, leo anaandika jina lake mlangoni."

Urbanus, katibu wa kwaya ya kanisani kwa Leokadia, akavikata vipande hivyo na kuvisambaza kwa simu. Kufikia wiki ya sita, Watanzania wa mitaa ya Etobicoke na Crescent Town walikuwa wakikusanyika kusikiliza, na mtu akikohoa anatolewa nje. Wasikilizaji waliongezeka mara nne. Zaheer alimweleza mwandishi mmoja wa gazeti kwamba watu wana kiu ya historia ya kweli.

Jumatatu iliyofuata alimwita Leokadia ofisini na kufunga mlango.

"Mama yangu amesikiliza vipindi vyote," alisema. "Yeye anajua Kiswahili. Tangu jana hajala, anataka kukuona wewe tu. Sijui ulisema nini kuhusu baba yake, lakini ukimliza, kazi hapa huna."

Leokadia alikuwa na watoto wawili chuoni. Njia nzima, ndani ya gari la bosi, alipanga maneno ya kuomba radhi.

Bi Khatija alikuwa na miaka themanini na saba, mdogo wa umbo, ameketi wima kama anayesubiri kupigwa picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akamtuma mwanawe jikoni akapike chai ya maziwa, ya kuchemsha hasa, na iliki aitwange mwenyewe. Zaheer akaenda. Bi Khatija akangoja mpaka kinu kilipoanza kulia.

"Habari za lile duka nani kakupa?" Kiswahili chake hakikuwa cha kuuzia vitu. Kilikuwa cha mtu aliyekinyonya.

"Hakuna, mama. Nilitunga tu."

"Wewe mtu wa Tabora?"

"Wa Bukoba. Tabora nimepita na treni." Leokadia akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Sikujua kama uko hai, wala sikukusudia kumdhihaki marehemu baba yako."

"Baba muache. Paa alipanda kweli."

Kisha machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. Leokadia aliyatazama akajua kazi imekwenda. Jikoni kinu kilinyamaza.

Bi Khatija akamvuta karibu, akamwekea mdomo sikioni.

"Aliitwa Nyamizi," alisema. "Duka lilikuwa lake, na ndiye aliyenizaa. Hata hiyo pua ya Zaheer ni yake."