Wanaoitikia Itumbula

Siku hizi wilaya isiyotimiza idadi ya watu inafutwa. Maji yanakatwa, barabara inaachiwa pori. Ndiyo maana wilayani Itumbula hata marehemu huitikia. Kila alfajiri Msajili huita majina kupitia spika za ukutani, na nyumbani kwa Tusajigwe, jina la marehemu mumewe likiitwa, ukuta hujibu kwa sauti yake: "Nipo."

"Ahsante, Baba Anyisile," humwambia, huku akikoroga uji.

Leo mume aliitikia kama kawaida. Kisha likaitwa jina la Tusajigwe. Kabla hajafumbua mdomo, ukuta ukajibu kwa sauti yake mwenyewe, changamfu kuliko yake: "Nipo."

Mwiko ukamponyoka.

"Jamani, mimi ni mzima! Niko hapa!"

"Umeshahesabiwa, mama," Msajili akasema kwa upole, akaita jina la jirani.