Ubao wa Akina Hadlow

Kwenye ubao wa ukumbi wa mji, fundi Zakayo alikuwa akiandika kwa rangi nyeupe majina ya akina Hadlow mashuhuri: jaji, askofu na mwimbaji. Chini yao palibaki nafasi ya jina moja. Bi Tabitha Hadlow akampa katibu wa mji cheti cha ukunga cha marehemu mama yake, Keziah.

"Mwanangu, naye alikuwa Hadlow. Nusu ya mji huu imezaliwa mikononi mwake. Hata wewe, ulitanguliza miguu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Katibu hakucheka.

"Mama yako alizaliwa na mpishi wa Bwana Hadlow."

"Na Bwana Hadlow ndiye baba. Alikwenda kumwandikisha mwenyewe."

"Jina hili lina wenyewe, bibi. Wanafika kesho kutoka ng'ambo. Nitawaambia nini?"

Akalaza cheti mezani, akalikata neno Hadlow kwa mistari miwili, polepole, kama anayesahihisha daftari la mtoto. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu.

Fundi Zakayo akashuka ngazini, akamletea Bi Tabitha kiti. Akakichukua cheti, akachovya pamba kwenye spiriti, akaanza kuifuta ile mistari taratibu. Wino ukalainika, ukatambaa hadi kwenye jina la Keziah.

"Basi, baba," Bi Tabitha alinong'ona. "Inatosha."

Fundi, kwa huruma yake yote, akaendelea kufuta.