Viti vya Jumanne

Nilipoingia kanisa kuu la mji wa Chartres, nilikuta viti vimepangwa juu ya njia niliyopanda treni kuja kuitembea. Ni njia ya mawe iliyochorwa sakafuni, inazunguka na kuzunguka mpaka katikati, na watu huifuata polepole wakisali.

"Viti huondolewa Ijumaa, mama," alisema mwanamke aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo. "Leo Jumanne. Ulidhani vitakupisha?"

"Mambo ya siku na treni alikuwa anayajua Armand, mume wangu," nikamwambia. "Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mkate na jibini. Tangu tumzike, hii ndiyo safari yangu ya kwanza peke yangu, na nimeiharibu."

Aliniangalia. Akatupa jicho huku na huku, kisha akavuta kiti kimoja pembeni.

"Jiwe la kwanza hilo. Kanyaga. Mengine Ijumaa."

Nilivua kiatu. Jiwe lilikuwa la baridi, limelika katikati kwa nyayo za watu, na unyayo wangu ukatulia humo kama uliwekewa nafasi.

"Na treni ya Ijumaa inaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema, nikifunga kamba za kiatu. "Napita stesheni kuuliza."