Vijiko Saba

Kijiko cha tano cha pilipili ya unga kilipozama kwenye bakuli, simu ikaanza kulia. Seon-ok aliibonyeza kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa myekundu mpaka vifundoni.

"Wifi, umeshaandaa?" Alikuwa Mi-ran, dada wa mumewe, anayekaa Busan na ambaye mdomo wake haujapumzika tangu azaliwe.

"Nataka kukaanga nyama."

"Nyama gani?"

"Nguruwe wa pilipili."

Mi-ran akapandisha sauti.

"We wifi, una wazimu? Leo? Si Mama kasema pilipili marufuku, kitunguu saumu marufuku, kila sahani iwe nyeupe! Kakwambia mara ngapi?"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani, Mi-ran?"

"Siili mimi, lakini anayekuja ni kaka yangu!"

"Ndicho chakula anachokipenda kuliko vyote." Jibu hilo alikuwa amelifanyia mazoezi siku tatu, na lilitoka vizuri.

"Haya bwana. Mama akifika utajua mwenyewe. Na ikigonga saa moja mlango uuache wazi, asije akakuta umefungwa akageuka."

"Nitauacha."

Akatia kijiko cha sita. Maelekezo ya upishi yalidai viwili tu, na rojo la pilipili kidogo, sukari, mchuzi wa soya, tangawizi. Kitunguu saumu alikiponda vichwa viwili vizima. Nyama ya bega, iliyokatwa vipande vyembamba, ilikuwa imelala humo tangu mchana ikinywa ukali wote.

Alipoimwaga kwenye karai la moto, jiko zima lilipiga kelele. Machozi yakamtoka yenyewe, ya pilipili, si ya kitu kingine. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zikagusa ukingo wa karai. Aliona ngozi ikigeuka nyeupe, ndipo akautoa mkono. Vidole hivyo vilikufa ganzi siku mumewe, Tae-sik, alipovibana na mlango wa friji, na siku hizi hata mwili uliobaki ulikuwa umevifuata.

Mara ya mwisho kupika chakula hiki, sahani iliruka ukutani kwa sababu hakikuwasha vya kutosha. Doa bado lilikuwepo, juu ya friji. Alilisugua, akabadilisha sabuni, akalisugua tena, mwishowe akalizoea.

Sasa ulikuwa umetimia mwaka tangu Tae-sik aondoke, ghafla, asubuhi moja ya Juni, bila kuchukua hata mswaki. Mwaka mzima Seon-ok alilala bila kuegemeza kiti kwenye mlango wa chumba. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanamume yule asikanyage tena nyumba hii. Lakini ukoo ulikuwa umeamua kwamba leo anakuja, na anapokelewa kwa heshima zote, kama vile hakuna kilichotokea. Nani angemsikiliza? Alikwenda kwa mama mkwe mara moja, na jicho limevimba. Bibi yule, asiyevua nguo ya mikono mirefu hata kwenye joto la Agosti, alimtazama, akasema, "Mwanangu namjua mimi," kisha akamimina chai. Yakaishia hapo.

Akatia kijiko cha saba juu ya nyama inayochemka, akachanganya, akanyunyiza ufuta.

Sebuleni meza ilikuwa tayari kama alivyoagizwa: samaki mweupe, mboga za aina tatu, peasi zilizokatwa vichwa, bakuli la wali. Akasogeza samaki pembeni, akaweka sahani nyekundu katikati, karibu kabisa na wali. Akafungua mlango wa mbele, ukabaki wazi kiasi cha kupita mtu. Halafu akakaa sakafuni, akasubiri. Alitegemea kuogopa, lakini hata woga haukuja.

Aliyeingia kwanza ni mama mkwe, na furushi la kitambaa cheupe mikononi. Alivua viatu, akasimama, akanusa.

"Ni nini hicho?"

"Nguruwe, Mama. Ndicho chakula anachoki..."

"Nimekuuliza ni nini."

Seon-ok aliinamisha kichwa.

Bibi alipiga magoti mbele ya meza taratibu, akafungua furushi, akatoa picha ya Tae-sik, ile iliyobebwa mbele ya jeneza, utepe wake mweusi ungalipo. Akaisimamisha nyuma ya wali. Akachomeka kijiko wima katikati ya bakuli, kama desturi inavyotaka. Ndipo akaigeukia sahani nyekundu.

"Roho ya marehemu haivuki pilipili. Sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, Mama."

"Umetia vijiko vingapi?"

"Saba."

Mama mkwe alikunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. Lilikuwepo kovu la zamani, refu, limeungwa vibaya. Akainuka, akachukua chupa ya pilipili jikoni kwa mkono huo, akarudi, akaimimina yote juu ya nyama.

"Saba havitoshi," akasema. "Mwanangu namjua mimi. Nenda kafunge mlango."