Kiganja cha Babu

Shekue alifika katika ofisi ya nyaraka za baraza la mji kutafuta kumbukumbu za babu yake. Bi. Mwanahamisi, mtunza nyaraka aliyevaa glavu mkono mmoja, alimkunjulia kitambaa kilichojaa alama za viganja.

"Waungwana wa mji waliapishwa hivi," alisema. "Ukishabandika kiganja, wewe ni mlinzi wa mji. Hutoki mpaka mwingine abandike chake. Babu yako huyu hapa."

Shekue akatabasamu kwa fahari, akaweka mkono juu ya alama ile. Ikamkaa barabara, kidole kwa kidole. Alipouinua, kiganja kilikuwa kimelowa wino.

"Mama, mbona haujakauka?"

Bi. Mwanahamisi alivua glavu polepole. Akakitazama kiganja chake, cheupe, safi, bila wino tena. Machozi yakamlengalenga.

"Utazoea, mwanangu."

Alitoa begi lenye vumbi nyuma ya mlango, akaondoka bila kugeuka. Shekue alimkimbilia, lakini miguu ilimfikisha kizingitini tu, ikagoma. Akabaki akimwangalia akitokomea barabarani. Mezani, glavu ilikuwa bado na joto.