Mfumo wa Nne

"Futa," alisema Mwalimu Scholastica. "Weka mwingine."

Evodius, mwalimu wa fizikia, alishusha pumzi. Huu ulikuwa mfumo wa tatu tangu asubuhi. Kompyuta yenyewe kuukuu, RAM gigabaiti moja tu. Windows yake ilichukua nusu saa kuwaka. Sasa ameiwekea mfumo mwepesi wa Linux, inawaka kwa dakika moja, na bado mwenzake hataki.

"Madam, hii inafanya kazi! Pa kuandikia papo, printa inakubali. Unataka nini tena?"

"Haifai. Futa."

Jumamosi nzima ilikuwa inaishia hapo ofisini, shuleni Nyarero. Lakini Evodius alijua kilichomsumbua mwenzake. Mitihani yake ya historia ilikuwa imevuja mara mbili, kwa sababu kila mara aliipeleka steshenari mjini Nyamongo wamchapie. Wanafunzi waliingia na majibu mfukoni. Mkuu wa shule, Mzee Wangwe, hakutaka maelezo: ukivuja wa tatu, somo anapewa mtu mwingine.

"Miaka tisa nafundisha," Scholastica alisema. "Leo naitwa mwizi wa mitihani. Huu nauchapa mwenyewe."

Evodius akachomeka flashi ya nne.

"Inasema nini?"

"Asilimia kumi."

Ilipofika sitini, umeme ukakatika. Ikabidi waanze upya. Evodius akaipiga meza ngumi. Miguu ya Scholastica haikutulia chini ya kiti.

Saa kumi jioni akauliza tena, "Imewaka?"

"Imewaka. Kama ile mitatu tu."

"Bonyeza tena vile nilivyokuambia."

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kimya. Alikuwa anafungua mdomo kulalamika, spika ikakwaruza na sauti ya puani ikatoka: "Ukurasa mtupu."

Scholastica akavuta kiti hadi mezani.

"Asante sana, Mwalimu. Sasa nipishe, natunga mtihani."

Evodius akatoka, akafunga mlango. Huko ndani mashine ilianza kutaja herufi, moja baada ya nyingine, kisha ikarudi nyuma na kutaja upya. Scholastica alikuwa anasahihisha makosa yake mwenyewe, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona herufi hata moja.