Jina la Siku ya Saba

Siku hizi kila nyumba ina dirisha moja la mtandao, la kampuni moja. Kurasa za dirisha jingine hazifunguki humo, wala simu zake haziingii. Msichana akiolewa, huhamia dirisha la ukweni.

Bi Somoe wa Lindi haoni. Mashine humsomea kurasa kwa sauti. Msafiri mmoja alimletea habari kwamba bintiye Hadia, aliyeolewa Mpanda, amejifungua, na jina la mtoto litatangazwa siku ya saba kwenye ukurasa wa ukweni. Siku hiyo Bi Somoe alijitanda kanga mpya, akaufungua. Alidhani kwa jambo kama hili wangeuacha wazi.

"Picha," mashine ikasema. "Picha. Kitufe. Picha."

Akamwita jirani yake Siwema amtazamie. Siwema akaona visanduku vitupu tu.

"Dirisha langu na lako ni moja, shoga. Hata mimi sioni kitu."

"Basi leo tuko sawa," akasema Bi Somoe.

Siwema alipoondoka, mashine ikauliza, "Ungependa kuhamia dirisha la binti yako? Rekodi za dirisha hili hazihamishiki."

Rekodi alikuwa nayo moja tu, ya sauti ya marehemu mumewe, aliyokuwa akiifungua kila asubuhi. Akaigusa.

"Mama Hadia, umeamka?" mume akauliza.

"Nimeamka, baba. Tumepata mjukuu. Ukiniuliza jina lake, sijui nikwambie nini."

"Mama Hadia, umeamka?"